Saa 72 za Kumkinga Mtoto Dhidi ya Virusi vya Ukimwi

Mtoto akikumbana na hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi (VVU), bado kuna nafasi ya kumkinga. Kuna dawa ambazo huzuia virusi hivyo visikite mizizi mwilini, na watoto huzimeza kama wanavyozimeza watu wazima. Hospitalini zinajulikana kwa jina la PEP. Sharti lake kubwa ni muda: ni lazima mtoto aanze kuzimeza ndani ya saa 72, yaani siku tatu, tangu tukio litokee. Baada ya hapo hazitegemewi tena kuzuia maambukizi.

Saa hizo huonekana nyingi, lakini huisha upesi. Nyingi hupotelea nyumbani, katika mikutano ya jamaa, ofisini kwa chifu na katika kituo cha polisi, huku mtoto akiwa hajaonwa na mhudumu wa afya. Somo hili limeandaliwa kwa wazazi, walezi, walimu na wazee wa mitaa wa Kaunti ya Kilifi. Linaeleza ni matukio gani yanayomweka mtoto hatarini, hatua za kuchukuliwa na mpangilio wake, namna dawa zinavyotumiwa kwa siku 28, na jinsi mtoto mchanga anavyokingwa mama yake anapoishi na VVU.

Kwa nini saa 72?

VVU vikiingia mwilini haviuteki mwili wote papo hapo. Mwanzoni huingia katika seli chache za kinga zilizo karibu na pale vilipopenyea, kwa mfano kwenye kidonda au kwenye ngozi laini ya sehemu za siri. Humo huanza kuzaana. Katika siku chache zinazofuata seli hizo huvibeba hadi kwenye tezi, na kutoka huko huingia katika damu na kuenea kote. Vikishaenea hivyo, hakuna dawa ya sasa inayoweza kuviondoa kabisa. Kinachobaki ni matibabu ya maisha.

PEP hufanya kazi katika mwanya huo mfupi. Huvizuia virusi kuzaana ndani ya seli za kwanza, na seli hizo hufa kabla hazijavisambaza. Ndiyo maana kila saa ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliofanywa kwa nyani waliodungwa virusi vya jamii moja na VVU, ulionyesha jambo hilo waziwazi. Nyani walioanza dawa ndani ya saa 24 na kuendelea kwa siku 28 hawakuambukizwa. Walioanza baada ya saa 48 au 72 hawakupata kinga kamili kama wenzao. Waliopewa dawa kwa siku chache tu, hata kama walianza mapema, nao walibaki hatarini.

Mambo mawili yanatokana na hayo. La kwanza, saa 72 ndio ukingo wa mwisho, na si muda wa kusubiri. Mtoto anayefikishwa hospitalini baada ya saa mbili ana nafasi bora kuliko anayefikishwa siku ya tatu. La pili, kuanza pekee hakutoshi. Ni lazima dozi imalizwe.

Matukio yanayomweka mtoto hatarini

VVU huambukizwa kupitia damu, majimaji ya sehemu za siri na maziwa ya mama. Kwa mtoto, matukio yanayohitaji kupelekwa hospitalini haraka ni haya:

1. Kunajisiwa au kudhulumiwa kimapenzi kwa namna yoyote, awe msichana au mvulana. Kwa mtoto aliyekwisha kupita umri wa kunyonya, hii ndiyo sababu kuu ya kupewa PEP. Mtoto aliyenajisiwa hupata michubuko kwa urahisi kwa sababu mwili wake haujakomaa, na michubuko hiyo huvifungulia virusi njia.

2. Kuchomwa na sindano iliyotumika. Watoto huokota sindano katika majalala, ufukweni, au karibu na maskani ya watu wanaojidunga dawa za kulevya, wakazichezea.

3. Kukatwa kwa wembe au kisu kilichotumiwa kwa mtu mwingine muda mfupi uliopita, kama vile kuchanjwa chale, kutobolewa masikio au kutahiriwa kwa kifaa kimoja kinachopitishwa kwa watoto kadhaa.

4. Damu ya mtu mwingine kuingia katika kidonda kibichi, jichoni au mdomoni mwa mtoto, kwa mfano katika ajali ya barabarani.

5. Mtoto kunyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake ambaye hali yake ya VVU haijulikani, au inajulikana kwamba anaishi na virusi.

Kuna mambo ambayo hayaambukizi VVU, na wazazi hawana haja ya kuyahofia. Mtoto haambukizwi kwa kula sahani moja na mtu anayeishi na VVU, kutumia kikombe au choo kimoja, kukumbatiwa, kubusiwa shavuni, kukoholewa, kuumwa na mbu, wala kucheza na kulala kitanda kimoja na mtoto mwenye virusi. Mate, machozi na jasho pekee havipitishi VVU.

Hata katika matukio yale matano, si kila mtoto huambukizwa. Mtu mzima anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu anayeishi na VVU ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban 3 kwa kila watu 1,000. Sindano iliyokaa nje juani kwa siku kadhaa ina hatari ndogo zaidi, kwa sababu virusi havidumu nje ya mwili. Hatari kwa mtoto aliyenajisiwa ni kubwa zaidi, hasa akiwa amejeruhiwa. Lakini kazi ya kupima hatari ni ya mhudumu wa afya, na huifanya hospitalini. Mzazi asiifanye nyumbani kwa kukisia kwamba mtuhumiwa “anaonekana mzima”. Mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi bila dalili yoyote.

Hospitali kwanza, mengine baadaye

Chukua mfano wa mtoto wa miaka tisa aliyenajisiwa Ijumaa saa mbili usiku. Saa 72 zake zinaisha Jumatatu saa mbili usiku. Mama anagundua Jumamosi asubuhi. Anamsubiri baba arudi kutoka kazini Mombasa, naye anafika jioni. Jumapili wazee wa pande zote mbili wanaketi. Jumatatu asubuhi familia inakwenda kwa chifu, na chifu anawaelekeza polisi. Foleni, maelezo na fomu vinakula mchana. Familia ikiambiwa impeleke mtoto hospitalini, jua limekwisha kuelekea kutua, na gari la mwisho la kutoka Bamba au Marafa limekwisha kuondoka.

Katika mfano huo wote waliohusika walidhani wanatenda la haki. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Wazee wanaweza kuitwa kesho, na polisi wanaweza kuandika maelezo baada ya mtoto kutibiwa. PEP peke yake ndiyo isiyoweza kungoja.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu:

Kwanza, mtoto apelekwe hospitalini mara moja, usiku au mchana. Hospitali ya Kaunti mjini Kilifi, pamoja na hospitali za Malindi na Mariakani, hupokea dharura saa zote. Aliye mbali anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, na akikuta PEP haipo au kituo kimefungwa, asikate tamaa akarudi nyumbani, bali aendelee hadi hospitali kubwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kusaidia kupiga simu mapema ili kujua ni wapi dawa zipo.

Pili, mzazi asizuiliwe na ukosefu wa fomu. Mtoto hahitaji fomu ya P3, nambari ya OB wala barua ya chifu ili atibiwe. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kwamba gharama ya matibabu na ushauri nasaha wa mwathiriwa wa makosa hayo katika hospitali ya umma inabebwa na serikali. Anayeombwa malipo ya PEP aombe kuonana na msimamizi wa zamu.

Tatu, ikiwa mtoto amenajisiwa, asiogeshwe wala kubadilishwa nguo kabla ya kuonwa na mhudumu, kwa kuwa mwili na nguo hubeba ushahidi. Ikiwa nguo zimekwisha kuvuliwa, ziwekwe katika bahasha ya khaki au zifungwe kwa gazeti. Zisiwekwe katika plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Mtoto ambaye tayari ameogeshwa apelekwe vivyo hivyo. Kuoga hakuzuii matibabu.

Nne, ikiwa ni jeraha la sindano au wembe, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Lisikamuliwe, lisisuguliwe, wala lisipakwe dawa ya kung'arishia nguo, majivu au dawa ya meno. Damu ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji safi mengi. Kisha mtoto apelekwe hospitalini. Kuosha jeraha hakuchukui nafasi ya dawa.

Tano, mtoto asihojiwe na kila mtu. Mtu mzima mmoja anayeaminiwa na mtoto asikilize, amwambie kwamba hana kosa, na aandamane naye. Mtoto anayekaripiwa au kupigwa baada ya kusema yaliyompata hujifunza kunyamaza. Akinyamaza, saa zinaendelea kupita.

Yanayofanyika hospitalini

Mhudumu humpokea mtoto faraghani, humchunguza na kutibu majeraha. Huuliza tukio lilitokea saa ngapi, hivyo ni vyema mzazi awe amekumbuka muda kwa kadiri anavyoweza. Mtoto hupimwa VVU. Kipimo hiki cha siku ya kwanza hakionyeshi kama tukio hilo limemwambukiza, kwa sababu ni mapema mno. Huonyesha hali yake kabla ya tukio. Mtoto asiye na virusi huendelea na PEP. Anayekutwa na virusi tayari huelekezwa kwenye matibabu kamili.

Dozi ya kwanza isicheleweshwe kwa kusubiri majibu. Ikiwa maabara imefungwa au kipimo hakipatikani usiku huo, mtoto huanzishiwa dawa na kupimwa baadaye. Hali ya VVU ya mtuhumiwa ikiwa haijulikani, mtoto huchukuliwa kuwa yuko hatarini.

Dawa hizo ni mchanganyiko wa ARV tatu, za jamii ileile inayotumiwa na watu wanaoishi na VVU. Kwa watoto, mchanganyiko unaotumika sana ni wa abakaviri, lamivudini na dolutegraviri. Kipimo hutegemea uzito, ndiyo maana mtoto hupimwa kwenye mizani kabla ya kupewa. Kuna vidonge vya watoto wadogo vinavyoyeyuka katika maji, kwa hiyo hata mtoto asiyejua kumeza kidonge anaweza kuvitumia. Mzazi asimpe mtoto dawa za ARV za mtu mzima aliye nyumbani kwa kukata kidonge. Kiasi kinaweza kuwa kidogo kisifae, au kikazidi na kumdhuru.

Mtoto aliyenajisiwa hupewa pia dawa za kuzuia magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda ikihitajika. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupimwa ujauzito na kupewa dawa ya kuzuia mimba, ambayo hufanya kazi ikitolewa ndani ya saa 120. Mhudumu hujaza fomu ya PRC, inayoandika yaliyoonekana mwilini na sampuli zilizochukuliwa. Nakala moja ya fomu hiyo ni ya mwathiriwa, nayo itunzwe vizuri kwa sababu itahitajika mahakamani. Fomu ya P3, ambayo ni ya polisi na hutolewa bila malipo, hujazwa kwa kufuata rekodi hizo.

Mtoto huunganishwa na mshauri nasaha, na ofisi ya watoto huarifiwa. Hapo ndipo zamu ya polisi inapofika. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai. Kwa mtoto wa miaka 11 au chini, sheria inaweka kifungo cha maisha. Uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa hilo hauko mikononi mwa familia, chifu wala wazee. Maelewano ya kulipana mbuzi au fedha hayafuti kosa, na aghalabu ndiyo yanayomnyima mtoto matibabu, kwa kuwa familia huficha jambo ili mazungumzo yasiharibike.

Siku 28 za dawa

Mtoto humeza dawa kila siku kwa siku 28, kwa saa ileile. Wiki ya kwanza huwa ngumu zaidi. Baadhi ya watoto huhisi kichefuchefu, huumwa na kichwa, huchoka au hukosa usingizi. Mara nyingi dalili hizo hupungua zenyewe, na kumpa mtoto dawa baada ya chakula husaidia. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mzazi ampigie mhudumu simu au arudi kituoni aelekezwe kuhusu kurudia dozi.

Ipo dalili moja isiyopaswa kungojewa. Mtoto akipata homa pamoja na vipele, au akianza kupumua kwa shida, arudishwe hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa mwili unaweza kuwa umeikataa mojawapo ya dawa. Mzazi asizisimamishe mwenyewe akakaa kimya. Mhudumu anaweza kubadilisha dawa hiyo, na dozi ikaendelea.

Mzazi amweleze mhudumu dawa nyingine zote anazotumia mtoto. Vidonge vya madini kama chuma na zinki, vinavyotolewa kwa upungufu wa damu na kwa kuharisha, vinaweza kuipunguzia dolutegraviri nguvu vikimezwa pamoja nayo. Suluhisho ni kupanga saa tofauti, si kuacha.

Familia nyingi huacha dozi katikati kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto anaonekana mzima. Ni kweli anaonekana mzima, kwa kuwa PEP haitibu ugonjwa anaougua, bali huzuia ugonjwa ambao haujaanza. Ya pili ni haya: jirani akiona kopo, atasema mtoto ana ukimwi. Mzazi anaweza kumwomba mhudumu ushauri wa namna ya kuzihifadhi dawa kwa faragha. Kwa mtoto wa shule ya bweni, mwalimu mmoja au muuguzi wa shule aelezwe kwa siri ili asimamie dozi. Si lazima mwingine yeyote ajue, na anayejua hana ruhusa ya kutangaza.

Njia rahisi ya kufuatilia ni kuchora visanduku 28 katika karatasi na kuweka alama kila dozi inapomezwa. Mtoto mkubwa anaweza kuweka alama mwenyewe. Dozi moja ikisahauliwa, impasavyo mtoto ni kuimeza mara inapokumbukwa, na asimeze dozi mbili kwa pamoja kwa nia ya kufidia.

Vipimo vya kufuatilia

Baada ya dawa kwisha, mtoto hupimwa tena VVU. Kipimo cha kwanza huwa takriban mwezi mmoja baada ya tukio, na kingine baada ya miezi mitatu. Sababu ya kurudia ni kwamba mwili huchukua muda kutengeneza chembe za kinga ambazo kipimo huzitafuta. Majibu ya mwezi wa tatu yakionyesha kwamba hakuna virusi, familia inaweza kutulia kuhusu tukio hilo.

PEP si chanjo. Haimkingi mtoto kwa tukio lingine litakalokuja. Mtoto anayerudishwa katika nyumba anamoishi aliyemdhulumu yuko katika hatari ileile, na dawa haziwezi kumlinda milele. Ndiyo maana ofisi ya watoto na polisi wana kazi ya kuhakikisha mtoto ana mahali salama pa kulala.

Ikiwa saa 72 zimepita

Mtoto apelekwe hospitalini hata hivyo. PEP huenda isitolewe, lakini kuzuia mimba bado kunawezekana hadi saa 120. Magonjwa mengine ya zinaa hutibika, majeraha hutibiwa, na ushauri nasaha una manufaa hata baada ya miezi. Mtoto huwekwa katika ratiba ya vipimo, na akigundulika ameambukizwa, huanza ARV mapema. Mtoto anayeanza matibabu mapema na kuyafuata anaweza kukua, kusoma na kuishi maisha marefu. Kuchelewa kufika si sababu ya kutofika.

Mtoto mchanga wa mama anayeishi na VVU

Kwa mtoto mchanga hatari haiji kwa tukio moja. Huwepo wakati wa ujauzito, wakati wa kuzaliwa na muda wote wa kunyonya. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 15 na 45 kwa kila 100 wanaozaliwa na akina mama wanaoishi na VVU huambukizwa. Hatua zikifuatwa, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kinga kubwa ya mtoto huyo ni matibabu ya mama. Mama anayemeza ARV kila siku hadi virusi vikawa vichache visionekane kwenye kipimo, uwezekano wa kumwambukiza mwanawe ni mdogo sana. Mtoto naye hupewa dawa zake mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Kwa wiki sita za kwanza hupewa zidovudini na nevirapini, na baada ya hapo nevirapini huendelea hadi wiki sita baada ya kuacha kabisa kunyonya. Akifikisha wiki sita huongezewa kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, kuzuia maradhi nyemelezi.

Aliyezaliwa nyumbani au kwa mkunga wa jadi apelekwe kliniki siku hiyohiyo. Zikiwa zimepita siku au wiki, apelekwe vilevile. Ukingo wa saa 72 usimzuie mama huyu, kwa sababu mtoto anayeendelea kunyonya bado anahitaji kukingwa.

Mama anayeishi na VVU anahimizwa kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita, bila maji, uji wala dawa za mitishamba. Vitu hivyo huudhuru utumbo laini wa mtoto na kuvirahisishia virusi njia. Baada ya miezi sita huanza vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha na kumeza dawa zake.

Mtoto hupimwa akiwa na wiki sita, miezi sita na miezi 12 kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kisha kipimo cha chembe za kinga akiwa na miezi 18. Kipimo cha wiki sita huangukia siku ya chanjo, kwa hiyo safari moja hutosha.

Mama aliyepimwa mwanzoni mwa ujauzito akakutwa hana virusi asidhani kwamba jibu hilo ni la kudumu. Anaweza kuambukizwa baadaye, akiwa mjamzito au akinyonyesha, na wakati huo virusi huwa vingi katika damu na maziwa yake. Anapoitwa kurudia kipimo arudie, na mume apimwe pia.

Maswali ya kujipima

*1. Mtoto amechomwa na sindano ufukweni Jumanne saa nne asubuhi. Mwisho wa kuanza PEP ni lini?*
Ijumaa saa nne asubuhi. Lakini inafaa aanze Jumanne hiyohiyo.

*2. Familia haina P3. Je, mtoto aliyenajisiwa atatibiwa?*
Ndiyo. Matibabu hayategemei P3 wala nambari ya OB.

*3. Kipimo cha siku ya kwanza kimeonyesha kwamba mtoto hana virusi. Je, dawa zina haja?*
Zina haja. Kipimo hicho kinaonyesha hali yake kabla ya tukio.

*4. Mtoto yuko siku ya 15, anacheza na anakula vizuri. Je, aache dawa?*
Hapana. Anamaliza siku 28.

*5. Mtoto amekula wali katika sahani moja na jirani anayeishi na VVU. Je, anahitaji PEP?*
Hapana. VVU haviambukizwi kwa chakula.

Anayehitaji msaada au anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa anaweza kupiga simu bila malipo nambari 116, ambayo ni ya watoto, au 1195, ya dhuluma za kijinsia. Wakati wa dharura nambari ni 999 au 112. Si lazima anayepiga awe mzazi. Jirani, mwalimu, ustadhi, mchungaji au mwendesha bodaboda anayejua mtoto ameumizwa anaweza kupiga, na akiwa na njia ya usafiri, anaweza kumsaidia mama kumfikisha mtoto hospitalini usiku huohuo.